Mguu wa Pili wa Suruali

Fundi alikuwa anapinda mguu wa pili wa suruali, shemeji yake aliposimama mlangoni amevaa nguo za ibada. Tangu wamzike mkewe, Jumapili zote fundi alifungua kibanda akashona.

"Shemeji, leo wateja wako ni nzi tu."

"Angalau nzi hawanipi pole."

Shemeji hakucheka. "Nafasi yenu kwenye benchi la kanisani hatujamkalisha mtu. Jumapili iliyopita alikaa mgeni, tukamsogeza."

Fundi alitazama kidole chake. Sindano ilikuwa imemchoma, damu imetoka, wala hakuwa amesikia maumivu.

"Nikija nitasema nini? Sina sala, sina wimbo. Ndani pamekauka."

"Usiseme kitu. Tutaimba sisi, wewe ukae katikati yetu. Hapa peke yako, nani atakuimbia?"

Kengele ya kanisa ililia mara ya pili. Fundi akafuta kidole, akachomeka sindano kwenye upindo, akaitundika suruali msumarini, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Mwenyewe anakuja kesho mchana," alisema. "Nitaimalizia asubuhi."