Bingwa wa Mipaka

Alikisukuma kikapu kwa ncha ya kiatu mpaka kikatoka nje ya foleni, akaingia yeye. Mwenye kikapu, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameenda mara moja tu kuuliza fomu inajazwaje. Aliporudi akakuta nafasi yake imeshikwa na bwana mrefu mwenye koti.

"Nilikuwa hapa, kaka yangu. Hicho kikapu ni changu."

"Kikapu kina paspoti?" akauliza yule bwana, na watu wawili watatu wakacheka. "Basi pisha wenye safari zao."

Mama akaokota kikapu chake, akasimama nyuma yake. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na mbele yao kulikuwa na watu kama mia mbili.

Ingekuwa ni kusimama tu, si neno. Lakini bwana huyo alikuwa na mdomo. Watu wa aina hii wapo kila foleni, sijui hugawiwa na nani. Jua halijapanda, kila mtu alishajua kwamba bwana huyo amevuka mipaka isiyo na hesabu, eti hakuna afisa anayemsumbua kichwa. Dereva mmoja wa lori akambandika jina la Profesa, kwa dhihaka, naye akalipokea kwa mikono miwili. Akaanza kufundisha. Kwenye foleni husimami kwa miguu yote miwili, unaipumzisha mmoja mmoja. Maji hunywi, unalowesha ulimi tu, maana ukienda chooni umekwisha. Afisa humchekei, ukimchekea anajua una shida. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Saa nne dirisha likafungwa, maafisa wakaenda chai. Saa tano likafunguliwa. Saa sita mtandao ukakatika. Mtoto mchanga akalia mpaka sauti ikamkauka. Profesa akawaambia walionung'unika kuwa ni washamba, kwamba anayekerwa na saa nne za foleni hajawahi kusafiri.

Kisha akaitoa paspoti yake. Lo! Imevimba mihuri, pembe zimekunjika, na yeye akaifunua ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Hapa walimweka siku mbili. Hapa afisa alimpigia saluti. Walipochoka kumtazama, akanyoosha mkono bila kuomba, akaichukua ya yule mama na kuiinua juu.

"Tazameni. Mpya, tupu yote. Mama, wewe hata mlangoni kwako umewahi kutoka?"

"Naenda kumwona mjukuu," mama akasema. "Ni mara yangu ya kwanza."

"Inaonekana."

Mama akaichukua paspoti yake, akaifuta kwa upindo wa nguo, akairudisha kikapuni.

Simu ya Profesa ikaita. Alikuwa binti yake, na foleni nzima ikasikia, kwa kuwa alipenda foleni nzima isikie. Harusi yake ni kesho saa nne asubuhi, huko ng'ambo. Basi la mwisho kutoka mpakani linaondoka saa kumi jioni. Binti alimsihi aje wiki moja kabla, yeye akamcheka; mpaka ni wa kumfundisha nani? Paspoti? Haijaisha muda, ina miaka mitatu mbele. Halafu akaugeukia ukuta na sauti ikashuka, na hapo tu, kwa siku nzima, akaongea kama binadamu.

"Harusi ya dada yako niliikosa, najua. Yako siikosi, mwanangu. Nitakuwa mlangoni nimevaa suti."

Saa nane na nusu akafika dirishani. Afisa, msichana mwenye macho mekundu kwa uchovu, akafunua kurasa, akafunua tena, akapata kona yenye nafasi kidogo katikati ya mihuri miwili. Akainua muhuri wa kutokea.

"Hapana," Profesa akasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Wangu haubanwi uchochoroni. Gonga kwenye ukurasa safi."

"Kona inatosha, mzee."

"Binti, nimeanza kugongewa mihuri wewe hujazaliwa. Ukurasa safi."

Msichana akamtazama, akaitazama foleni nyuma yake, akaona hana nguvu za kubishana. Akafunua mpaka mwishoni kabisa, akagonga katikati. Profesa akamgeukia mama wa kikapu na kumwambia kwamba hivyo ndivyo watu hawa wanavyoongeleshwa. Mama akagongewa wake, akamfuata.

Kutoka jengo hilo hadi la nchi ya pili ni mwendo wa hatua mia mbili, uzio huku na uzio huku. Humo ndani foleni ilikuwa fupi. Kupitia dirishani basi lilionekana, injini imeshawashwa. Saa tisa na nusu. Profesa akachana nywele, akampigia binti yake.

"Nimeshavuka," akamwambia.

Afisa wa upande huu alikuwa kijana wa maneno machache. Akachukua karatasi ya viza yenye gundi, akaibandua nusu, akafungua paspoti. Akafunua kwenda mbele. Akafunua kurudi nyuma. Akaanza upya, polepole, akilowesha kidole.

"Viza yetu inachukua ukurasa mtupu, mzima," akasema, akiirudisha ile karatasi mahali pake. "Wewe huna hata mmoja, mzee. Pisha wenye nao."

Nyuma yake, mama alikuwa ameshaifungua paspoti yake.