Ukuta Mfupi

Kabati la kwanza lilikuwa tupu. La pili nalo tupu. Glasi zilikuwa kwenye la tatu, na mke kijana akazitoa huku uso ukimwaka moto, maana mgeni alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama.

"Pole, mwanangu," mgeni alisema. "Hata mimi nikiwa na wageni husahau chumvi iliko."

Mgeni alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Dalali alikuwa amemleta kuangalia nyumba ya pili, iliyotenganishwa na hii kwa ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Walipokuwa wakitoka kuikagua, majirani walimpigia kelele avuke upande wa pili apate chochote kabla hajaamua.

Ua wenyewe ulikuwa wa kutamanisha. Makochi meupe yalipangwa chini ya paa la mbao, maua yalitambaa kwenye nguzo, na pembeni palijengwa jiko la matofali la kuchomea nyama. Nyasi zilikuwa mbichi kama zulia lililotandikwa jana.

Mume, bonge la mtu lenye sauti ya mpiga mnada, aligeuza nyama huku akimtania jirani wa nyumba ya mbele, kwamba bwana yule akialikwa kula hufika kabla ya moshi. Jirani akajibu kwamba ni lazima awahi, kwa sababu mwenye nyumba huonja mpaka wageni wanakuta mifupa. Jirani wa kushoto, mama mwenye kilemba cha manjano, alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu naye akacheka, kwanza kidogo, halafu kweli kweli, hata ikabidi avue miwani aifute.

Mke kijana hakucheka. Alimimina juisi, ikamwagikia sinia. Kila mume alipomwita mke wangu, yeye alitazama chini.

"Huyu ana haya," mume akamwambia mwalimu. "Utadhani nimemuoa leo asubuhi."

Mwalimu alikuwa na maswali, na aliyauliza kwa upole wa mtu aliyezoea watoto wa darasa la kwanza. Watoto wa hapa wako wapi? Wako kwa bibi yao, mume akasema. Na mbona haoni kamba ya nguo hata moja, mtaa mzima? Jirani wa mbele akamwambia kwamba siku hizi nguo zinakauka ndani ya mashine, wao wameendelea bwana. Dalali akakohoa. Akakumbusha kwamba kuna familia nyingine inaitaka nyumba ile, tena inaitaka sana.

Hapo mwalimu akamshika mke kijana mkono, wakasogea wawili hadi ukutani.

Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba tangu mumewe afariki anaishi ghorofani, katika jengo ambalo watu hupishana kwenye ngazi bila salamu. Siku moja aliteleza bafuni, akashindwa kuinuka. Aliita tangu asubuhi. Aliyekuja kumsikia, jioni, ni msoma mita ya maji, naye alikuwa amekosea mlango. Sasa kiinua mgongo chake chote, pamoja na alichoacha marehemu, kingeishia kwenye nyumba ile. Akikosea hapa hana pa kuanzia tena. Makochi na maua ni mazuri, alisema, lakini yeye hakuja kutafuta maua. Alikuwa anatafuta watu.

"Nitalala chumba kile," alisema, akionyesha dirisha. "Wengine wanaongea sana, sijui nimwamini nani. Wewe uso wako haujui kudanganya, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikiita usiku, utanisikia?"

Mke kijana alifungua mdomo. Maneno yalimfika kwenye meno. Akageuka, akaona mume ameacha kugeuza nyama, na dalali ameshusha glasi yake, wote wawili wakimkodolea macho. Tangu utotoni hakuwahi kujua namna ya kuwakatalia watu waliokwisha kumtegemea.

"Nitakusikia, mama."

Mwalimu akamkumbatia pale pale. Mabega yake yalikuwa membamba kuliko yalivyoonekana. "Basi na mimi nimepata binti," akasema, na mke kijana akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na sinia lake.

Mkataba ulitiwa saini kati ya sahani za nyama, watu wakipiga makofi. Kisha mwalimu akawaaga majirani mmoja mmoja, akiahidi kuwaletea keki siku ya kuhamia. Mke kijana alimuaga, macho yakiwa kwenye viatu. Teksi ikakata kona.

Vicheko vikakatika. Mama jirani akafungua kilemba, akakikunja. Dalali akapita na mfuko, na mume akavua pete ya ndoa akaitumbukiza ndani, kisha akamnyooshea mke kijana kiganja.

"Na yako, dada. Samahani, sikushika jina lako."

Dalali akawaambia kesho ni mtaa wa juu, saa nne kamili, na dada huyu atakuwa mjamzito. Akafunga nyumba zote nne kwa funguo za mtungo mmoja, wakapanda gari lake, mume, mke na majirani, na mtaa ukabaki hauna mtu.