Nungunungu Akagua Nyumba ya Ufukweni

Hapo kale Nungunungu, bingwa wa kusitasita, alikuwa na mke aliyeugua kifua. Mke akamwomba wanunue shimo la Kaa kule ufukweni, wawe wanakwenda kupumzika.

"Kaa anataka gunia moja tu la mihogo," akasema mke.

"Ngoja kwanza nikalikague."

"Twende wote, basi."

"Utachoka bure, mke wangu. Bado si letu."

Nungunungu akaenda, akakaa siku tatu akipunga upepo. Aliporudi akasema, "Ni zuri, ila sijaliona wakati wa mvua." Mvua ziliponyesha akaenda tena. Kisha akaenda kuona kama maji yakijaa yanafika mlangoni. Kila aliporudi, mkewe aliuliza, "Bahari ikoje?" naye akamsimulia.

Mwishowe akaridhika, akakimbilia nyumbani kumchukua mkewe. Akakuta majirani wameshamzika.

Hata hivyo alimpelekea Kaa mihogo, kisha akaketi nje ya shimo, asiingie.

"Vipi, bwana?" Kaa akamuuliza. "Nyumba ina kasoro?"

"Haina," akajibu Nungunungu, machozi yakimtoka. "Haikuwa nayo hata siku ile ya kwanza."