Posho ya Tumbo

Huko chini baharini, ambako mambo hayajanyooka kama huku kwetu nchi kavu, samaki Bunju alikuwa meneja wa walinzi wa matumbawe. Kipaji chake kilikuwa kimoja: kuvimba.

Siku ya mshahara Bi Farasi-Bahari alipewa kikombe kimoja cha uduvi. Mumewe, aliyeshika naye doria ileile, alipewa viwili. Bibi akaenda ofisini kudai chake.

"Bosi, kazi ni moja. Mbona mimi nusu?"

"Tulia, mama," Bunju akasema kwa upole wa mwenye shibe. "Mimi sibagui, hata mama yangu alikuwa mwanamke. Shida ni mimba. Kesho utabeba, utataka likizo, kampuni izame."

"Kwa hiyo anayebeba ndiye anayekatwa?"

"Ndiyo sheria. Haichagui jike wala dume."

"Haya. Baba watoto, hebu ingia."

Mumewe akaingia akihema, tumbo mbele. Kwao farasi-bahari, anayebeba mimba ni dume.

Bunju akatoa macho. Amkate mshahara dume mwenzake? Mungu apishe mbali! Palepale akatangaza kwamba kubeba mimba ni ujenzi wa taifa, na kila anayebeba atalipwa posho ya tumbo.

"Umenena, bosi," akasema Bi Farasi-Bahari. "Basi mimi nisiyebeba nijazie kikombe changu cha pili, halafu niwaite kina mama Kaa. Wapo nje na mayai yao tumboni."

Bunju akamjazia, akachungulia dirishani. Foleni ilikuwa imeshapinda kona.