Jina la Herufi Kumi na Tisa

Roketi ilikuwa imesimama juu ya meza ya sebuleni, kati ya birika na sahani ya biskuti, na Mzee alikuwa akiizunguka na rula mkononi.

Haikuwa kubwa. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Mwili ulikuwa bomba la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa vitambaa dukani. Mapezi yalikuwa ya mbao nyembamba, na parachuti yake ilikatwa kwenye mwavuli uliovunjika mbavu. Mke wa mwanawe, mwalimu wa fizikia, aliiunda na wanafunzi wake kwa muhula mzima. Jumamosi ingerushwa mbele ya wazazi. Kilichobaki ni jina tu.

Wanafunzi walikuwa wamependekeza Radi, Mwewe na Kimulimuli. Mwalimu aliyakataa yote, nao wakanuna wiki nzima. Alitaka jina moja tu, la baba mkwe wake, tena lote kamili. Njiani kuja kwa Mzee alimwambia mumewe kwamba heri roketi isiruke kabisa kuliko warudi nyumbani bila jina hilo.

"Herufi kumi na tisa," Mzee alisema, akipima. "Zitaenea, ila usizibane."

Hakuwa akibahatisha. Miaka thelathini na minane alipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Alichapa majina ya maharusi, ya mawakili, hata ya wagombea walioshindwa, lakini lake halikuwahi kupita chini ya mashine. Lilikuwa jina gumu. Kazini walimwita Herufi, yakaisha. Kliniki, wauguzi walipolifikia kwenye orodha, walitoka nje wakamtafuta kwa macho. Yeye mwenyewe alilitamka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi amebeba trei ya mayai, na aliamini kwamba duniani hakuna jina linalolishinda kwa uzuri.

Wifi wa mwalimu, aliyeketi karibu na dirisha, alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba huko ni kujipendekeza. Mtu hajakanyaga hapa tangu mwaka uanze, leo kaja na roketi. Mwalimu alitabasamu, akamwongezea chai.

Mzee aliiweka rula chini. Alieleza kwamba jina hilo amelitunza kwa ajili ya jambo kubwa, na kwamba yeye si mtu wa kugawa jina kama peremende. Akilitoa, amelitoa mara moja tu.

"Na ni jambo gani kubwa, baba," mwalimu aliuliza, "kuliko kupanda juu mbele ya watu mia tatu?"

Mzee alikohoa. Wale watu mia tatu walikuwa wameshamwingia.

Hapo mwalimu akaomba waandikiane, maana maneno ya mdomo husahaulika. Mzee, ambaye hakuna kitu alichokipenda kuliko karatasi iliyoandikwa vizuri, aliona ni heshima. Alitoa kalamu yake ya wino, akaandika kwa mwandiko ulionyooka kwamba jina lake ameipa roketi. Mwalimu akaomba liongezwe neno moja dogo: kwamba kuanzia leo jina hilo lisipewe kitu wala mtu mwingine yeyote.

Kalamu ilisimama.

"Wala mtu?"

"Ukiacha mwanya, baba, kesho utalikuta limeandikwa kwenye kibanda cha kuku."

Mzee alikiona kibanda hicho waziwazi. Akaandika haraka, akatia sahihi. Mwanawe, aliyeketi kando ya mkewe, alitia yake kama shahidi. Mkono ulimtetemeka kidogo. Wifi akasema ndiyo matokeo ya kuoa mwalimu, mtu halishwi.

Kisha Mzee aliomba brashi. Hakukubali mtu mwingine aishike. Alizipaka herufi moja baada ya nyingine, kutoka kwenye ncha hadi kwenye mapezi, ulimi ukichungulia nje. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akatangaza kwamba Jumamosi atavaa suti.

Mama mkwe, ambaye muda wote huo alikuwa akiingiza vyombo na kuvitoa, alimsindikiza mwalimu hadi barabarani. Mume alikuwa ametangulia, roketi ameishika mbali na shati ili lisichafuke kwa rangi. Walipofika kwenye kona mama alisimama, akamwekea mkwewe mkono tumboni, taratibu.

"Miezi mingapi?"

"Mitatu, mama. Hatujamwambia mtu."

"Basi karatasi hiyo ifiche vizuri," mama alisema. "Mimi jina la baba mkwe wangu nililimalizia kwenye baiskeli, kabla mumeo hajazaliwa."