Kichwa cha Askofu Mteule

Alasiri, siku moja kabla ya kuwekwa wakfu kuwa askofu, Mchungaji Anaeli aliingia kwenye karakana ya seremala Zefania akaomba kunyolewa.

Walipokuwa chuo cha theolojia walilala chumba kimoja. Kila Jumamosi walinyoana kwa mkasi nyuma ya bweni, anayenyolewa akijaribu mahubiri yake na anayenyoa akiyakosoa. Mwaka wa mwisho Zefania aliacha masomo, na tangu hapo hawakuonana.

"Mjini kuna vinyozi wenye mashine, Baba Askofu," Zefania alisema, bado ameshika randa.

"Hawakijui kichwa changu. Wewe ulikuwa unakiita boga."

Zefania alitabasamu. Alimkalisha kwenye kigoda, akamfunga shuka shingoni, akaanza kukata.

"Siku ile ulipomhubiri Yona ulirusha mikono, nikakukata sikio," alisema.

"Na badala ya kuniomba radhi ukasema hata Petro alikata sikio la mtu!"

Walicheka mpaka Zefania akalazimika kusimamisha mkasi. Kicheko kilipoisha, Anaeli aliinamisha uso.

"Zefa, naogopa hii kazi. Sijamwambia mtu, hata mke wangu."

Zefania aliweka mkasi kando, akajifuta vumbi la mbao kwenye suruali, kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa kile kilichonyolewa nusu.

Anaeli alifumba macho. Mteja alipiga hodi mlangoni, akapiga tena. Zefania hakuuondoa mkono.