Ukuta wa Mgahawa

Baba alitaka mgahawa wenye picha za chakula mlangoni, asije akaumbuka mbele ya mhudumu. Dada alitaka wenye feni. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza mjini, na njaa ilishatugombanisha.

Mama akasimama chini ya jengo refu la vioo vya kijani. "Tunakula hapa."

"Hapa hata maji yanaliwa kwa uma," Baba akasema.

"Na waliojenga, wao hawali?"

Mwaka uliopita kaka alituambia kwenye simu kwamba anapiga lipu jengo hilo la vioo vya kijani. Kisha simu ikanyamaza. Mtu wa kampuni ya ujenzi akaja na suti yake hadi kwetu kijijini, akasema kaka hakuwahi kukanyaga pale. Alisema huku akinywa chai yetu. Chai ile siisahau.

Tukaingia. Mama alizipita meza zote tupu, akaketi kwenye kona, ukutani. Kwetu ni mafundi wa lipu tangu babu, na kila fundi wetu akimaliza ukuta hubonyeza kiganja chini, pembeni, kabla saruji haijakauka. Mama akapapasa ukuta chini ya meza.

"Mwanangu, hebu lete mkono."

Nikapapasa. Vidole vinne, na kile gumba kifupi kilichokatwa na msumeno. Ni kaka.

Lakini kiganja hakikuwa kimebonyea. Kilikuwa kimetuna, kama mkono unaosukuma ukuta kutoka ndani. Na kilikuwa na joto.

Mhudumu akaja akitabasamu. "Karibuni, wazee wangu. Niwaletee nini?"

"Nyundo," Mama akasema.